Rangi Isikuhadae: Kutambua Mwani Unaoanza Kuota Kwenye Mawe ya Tangi la Maji Chumvi

Malalamiko huja kwa sura ileile. Tangi lina wiki tatu, au limefika mwezi wa tano, mawe yalikuwa masafi, na sasa kuna kitu juu yake: cha kahawia, cha kijani, chekundu, kinateleza, kina viputo. Picha imepigwa chini ya taa ya buluu, na swali lililoambatana nayo ni moja tu: niweke dawa gani?

Picha ya buluu haiwezi kujibu swali hilo, na mara nyingi hata rangi yenyewe haiwezi. Kuna vitu vitatu tofauti vinavyoweza kuanza vikiwa na rangi ya kahawia juu ya jiwe. Kimoja huondoka chenyewe ukikiacha. Cha pili hupungua ukipunguza uchafu na chakula kinachooza ndani ya maji. Cha tatu huja kwa sababu virutubisho vimekwisha, na kadiri unavyozidi kusafisha ndivyo unavyozidi kukipa nafasi, mpaka konokono waanze kufa. Anayetibu cha tatu kwa dawa ya cha pili hupoteza tangi zima. Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kwa dalili, na kila dalili ina njia yake ya kuhakikisha kabla hujafungua chupa yoyote.

Tena, mwani kuota juu ya jiwe si ugonjwa. Kwenye miamba ya pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, mwani huota kila siku ya Mungu. Mwamba unaonekana msafi kwa sababu tasi, kangaja, pono na konokono wanaula kabla haujarefuka. Tangini walaji ni wachache, kwa hiyo kila kinachoota kinabaki na kuonekana.

Anza na haya

Zima taa ya buluu, washa nyeupe, au tumia tochi ya kawaida. Chukua bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, lijaze maji ya tangi, kisha lipulizie doa kutoka umbali wa sentimita 2 hivi. Tazama kinachotokea palepale. Kikipeperuka chote na kuacha jiwe tupu, ni vumbi. Kikiinuka upande mmoja na kubanduka kipande kizima, ni utando. Kikirefuka, kikayumba na kukataa kukatika, ni kamasi. Zikilala kufuata mkondo kisha zikasimama tena, ni nyuzi zilizoshikilia jiwe. Kisipotikisika kabisa, na hata ukucha haukitoi, huenda ni kitu cha kukufurahisha.

Vaa glavu unapofanya hivyo. Sababu yake nitaieleza mbele, na si ya kupuuza.

Rudi usiku, taa zikiwa zimezimwa kwa saa 3 au zaidi, umulike mawe yaleyale kwa tochi. Kitu kilichokuwa kinene jioni na sasa kimepungua sana kimekupa habari kubwa kuliko picha yoyote.

Kisha pima maji na uandike namba kwenye daftari: chumvi, joto, amonia na naitraiti (hizi mbili ni sumu kwa samaki), kisha naitreti na fosfeti (virutubisho vya mwani). Chumvi iwe karibu gramu 35 kwa kila kilo ya maji, ambayo kwenye kipimo cha uzito husomeka 1.025 au 1.026. Joto liwe nyuzi 25 hadi 27. Wakati wa kaskazi Mombasa na Dar es Salaam maji hupita hapo kwa urahisi. Feni inayopuliza uso wa maji hushusha nyuzi kadhaa, ila maji yatapungua haraka na utalazimika kujazia yasiyo na chumvi kila siku. Ukikuta amonia au naitraiti inasomeka, weka habari ya mwani kando kwanza. Tangi halijakomaa, au kuna kiumbe kimekufa nyuma ya mawe, na hilo ndilo la kushughulikia leo.

"Vumbi la kahawia limefunika mawe na mchanga"

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa kuliko zote, na karibu kila tangi jipya huipitia. Ni daitomu, viumbe wadogo wa jamii ya mwani wanaojijengea gamba la silika. Ukipulizia kwa bomba, vumbi linatimka na jiwe linabaki jinsi lilivyokuwa. Halina nyuzi, halivutiki, na ukilisugua kati ya vidole unahisi unga.

Chanzo cha kawaida ni upya wenyewe. Mchanga mpya na mawe mapya hutoa silika kwenye maji, daitomu huitumia mpaka iishe, nao hupungua wenyewe. Kwa kawaida ni wiki 2 hadi 6. Katika kipindi hicho kazi yako ni ndogo: pulizia mawe kabla ya kubadilisha maji, futa kioo, na kama amonia ni sifuri, ongeza konokono wachache wanaokula utando wa mawe. Anayemwaga dawa kwenye tangi la wiki tatu anaweza kuua bakteria wa kusafisha amonia anaojaribu kuwakuza.

Kama tangi limevuka miezi 3 na vumbi bado linarudi, chunguza maji ya kujazia. Maji ya bomba na ya kisima yana silika, na visima vilivyo karibu na vyoo vya shimo huongezea naitreti juu yake. Mashine ya RO, inayosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba, hupunguza sana, lakini isipokuwa na chombo cha mwisho chenye resini (chembe zinazonasa madini yaliyosalia), kuna kinachopita. Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi wanapouziwa mashine: resini inapoanza kuchoka, silika ni miongoni mwa vitu vya kwanza kupenya, na mita ya kupima uchafu wa maji inaweza kuendelea kuonyesha sifuri. Kwa hiyo vumbi likirudi kwenye tangi lililokomaa, badilisha resini hata kama mita haijalalamika. Pampu au chujio lililoziba likapunguza mkondo huja nyuma ya hapo, na hilo unaligundua kwa kuweka mkono tu mbele ya pampu.

Ukiona vumbi limeanza kuungana na kuning'inia, usisubiri tena. Nenda kwenye dalili ya kamasi hapa chini.

"Utando mwekundu unabanduka kipande kizima"

Huanza kwenye kona ambayo maji hayapiti vizuri: nyuma ya jiwe, kwenye shimo, mahali mchanga unapokutana na mwamba. Rangi inaweza kuwa nyekundu iliyoiva, zambarau, kijani kibichi chenye weusi, wakati mwingine kahawia. Kinachoutambulisha ni kwamba umeungana. Unaupulizia, unanyanyuka kama kitu kimoja, na mara nyingi una viputo vya hewa vilivyonaswa chini yake. Hawa ni sianobakteria. Kwa haki si mwani, ni bakteria wanaotumia mwanga, na ndiyo maana baadhi ya dawa za mwani haziwagusi.

Sababu kubwa ni mkondo dhaifu pamoja na mabaki yaliyotulia. Geuza pampu ipulize pale utando ulipoanzia, halafu nyonya utando kwa mpira mwembamba wakati wa kubadilisha maji. Usiupulizie ukasambaa, utajiotesha kwingine. Rudia kila baada ya siku chache. Mara nyingi hatua hizo mbili zinatosha.

Ukirudi baada ya wiki 3 za kazi hiyo, angalia chakula. Samaki wapewe kile wanachomaliza ndani ya dakika 1 au 2. Safisha sponji na pamba ya chujio kila wiki, kwa kuwa uchafu uliokwama humo bado umo ndani ya maji. Kisha linganisha namba zako: hali ya naitreti kuwa sifuri huku fosfeti ikiwapo huwapendelea sianobakteria, kwa kuwa baadhi yao huweza kujipatia naitrojeni ya hewa iliyoyeyuka majini. Hapo kuzidi kushusha naitreti kunawasaidia wao.

Kuna wanaoshauri kumwaga antibiotiki ya binadamu kutoka duka la dawa. Ni kweli erithromaisini huua sianobakteria, lakini inaweza kugusa pia bakteria wanaosafisha amonia, utando unaokufa kwa mpigo hunyonya oksijeni usiku samaki wakaamkia juu wakihema, na maji ya antibiotiki unayoyamwaga nje huzoesha vijidudu vingine dawa. Siishauri. Kama unaona huna njia nyingine, zungumza na daktari wa mifugo kwanza.

"Kamasi za kahawia zenye viputo, usiku zinatoweka, mchana zinarudi"

Hapa ndipo ninapoomba usome polepole, maana hapa ndipo matangi mengi yanapoteketea kwa bidii ya mwenyewe.

Asubuhi mawe yanaonekana karibu masafi na mtu anafurahi. Taa zikiwaka, kufikia saa kumi jioni kuna nyuzi za kahawia zenye uwazi, zimeshika ncha za mawe na matumbawe, kila uzi umebeba kiputo kimoja juu yake. Ukizipulizia hazipeperuki, zinavutika kama mlenda. Konokono waliokuwa wakila vizuri wanalala chali au wanabaki sehemu moja hawasogei. Hawa ni dinoflajeleti, viumbe wadogo wa seli moja.

Uhakikishe kwa karatasi. Nyonya kamasi kidogo pamoja na maji yake, tia kwenye chupa ndogo yenye kuonekana ndani, ifunge, itikise kwa nguvu mpaka nyuzi zisambaratike kabisa. Chuja maji hayo kwa karatasi ya kuchujia kahawa, yakingwe kwenye glasi safi, uiache glasi chini ya taa kwa saa 1 hivi. Nyuzi zikijikusanya upya ndani ya maji yaliyochujwa, ni dinoflajeleti: wana mikia ya kuogelea, hivyo wanatafutana. Daitomu waliotikiswa hubaki wametawanyika. Mwenye hadubini, hata ile ya shuleni, ataona kwa macho yake. Katika ukuzaji wa mara 400, aina iitwayo Ostreopsis ana umbo la tone, amechongoka upande mmoja, na huzunguka papo hapo kana kwamba amefungwa kwa kamba ncha moja. Aina nyingine, Amphidinium, huteleza taratibu na hupenda zaidi mchangani. Tofauti hiyo itabadilisha matibabu, kwa hiyo ukiweza kuazima hadubini, iazime.

Sasa chanzo. Kinachojirudia zaidi katika matangi haya ni usafi uliopita kiasi. Naitreti inasoma sifuri, fosfeti inasoma sifuri, skima (chombo kinachotoa uchafu majini kwa povu) ni kubwa kuliko tangi, kuna chembe za chuma za kunyonya fosfeti, na mwenyewe amekuwa akimwaga vodka au siki kulisha bakteria ili washushe naitreti. Mwani wa kawaida na bakteria waliokuwa wakishindania mwanga na jiwe wamekufa njaa, na dinoflajeleti, anayevumilia njaa kuliko wao, amebaki peke yake uwanjani. Chanzo cha pili ni tangi lililoanzishwa kwa mawe makavu matupu, lisilo na mchanganyiko wa viumbe wadogo. Cha tatu ni mtikisiko: dawa kali iliyowekwa wiki chache nyuma, au umeme uliokatika kwa muda mrefu, vikaua washindani.

Unaona basi kwa nini kusafisha zaidi hakusaidii. Acha kubadilisha maji kwa sasa. Toa chembe za kunyonya fosfeti. Acha vodka na siki. Punguza saa za skima. Lisha samaki kidogo zaidi ya kawaida. Pima kila siku ukilenga naitreti ya miligramu 5 hadi 10 kwa lita na fosfeti ya miligramu 0.05 hadi 0.1 kwa lita, na kama chakula peke yake hakizifikishi, tumia virutubisho vilivyotengenezwa kwa matangi ya baharini. Mbolea ya shambani usiiguse, ina mambo mengine ndani yake. Kila jioni, kamasi zikiwa zimejikusanya, zinyonye kwa mpira ukipitisha maji kwenye kitambaa chenye nyuzi za karibu, ili maji yarudi na kamasi zibaki. Tia ndani ya chujio mkaa maalumu wa akwariamu, ule wa kunyonya sumu. Mkaa wa jikoni haufai.

Kama hadubini imeonyesha Ostreopsis, taa ya UV (mionzi ya urujuanimno inayoua vijidudu) iliyounganishwa na mkondo wa tangi husaidia sana, kwa kuwa usiku huachia mawe na kuelea majini, na hapo ndipo taa inapowapata. Usiwashe taa hiyo ukaitazama kwa macho. Kama ni Amphidinium wa mchangani, UV haitawafikia; hao hushindwa polepole kwa kurudisha washindani, na jiwe dogo au mchanga kidogo kutoka tangi la mwenzako lenye afya ni msaada wa kweli. Giza la siku 3, tangi likiwa limefunikwa kabisa, huwapunguza nguvu, lakini ukilifanya bila kurekebisha virutubisho watarudi ndani ya wiki.

Tarajia wiki, hata miezi. Dalili ya kwanza ya ushindi huwa mbaya machoni: utando wa kijani unaanza kwenye kioo na mawe. Uache. Ndio washindani wanaorejea.

Ostreopsis ana sumu za jamii ya palitoksini. Majira ya joto ya mwaka 2005 huko Genoa, Italia, mlipuko wake baharini uliwapeleka watu wapatao 200 kutafuta matibabu, baada ya kuvuta matone ya maji yaliyopeperushwa na upepo: homa, kikohozi, kifua kubana. Tangi la nyumbani ni dogo, lakini glavu, miwani na dirisha lililo wazi ni wajibu. Usinyonye mpira kwa mdomo ili kuanzisha mkondo.

"Kuna manyoya ya kijani yanaota juu ya mawe"

Mwanzoni ni kivuli tu cha kijani upande unaopata mwanga. Baada ya siku chache unaona nyuzi fupi, milimita 2 au 3, zinalala na kusimama na mkondo. Sasa ndio wakati mzuri wa kuamua, kabla hazijafika urefu wa kidole.

Ng'oa uzi mmoja kwa kibano, uuweke ndani ya glasi ya maji meupe, nyuma yake weka karatasi nyeupe. Ukiwa uzi mtupu, laini, usio na tawi la maana, unaonywea mara ukitolewa majini, ni mwani wa nywele wa kawaida. Ukiwa na shina la kati na vijitawi vimepangwa pande mbili mpaka ukapata umbo la unyoya wa ndege, ni Bryopsis, na huyo ana habari yake.

Kwa mwani wa nywele, sababu ya mbele kabisa ni chakula kuzidi walaji. Hesabu samaki wako, tazama unachowapa, kisha jiulize ni nani humo ndani anayekula majani. Usidanganywe na kipimo cha fosfeti kinachosoma sifuri wakati mawe ni ya kijani: mwani wenyewe umeinyonya, na kilichobaki majini ndicho kipimo kinachoona. Ng'oa kwa mkono kadiri uwezavyo, pampu zikiwa zimezimwa, ukisugua kwa mswaki huku mpira ukinyonya kando yake. Kisha ongeza walaji. Konokono kwanza. Tangi likiwa kubwa, lita 400 na kuendelea, kangaja au tasi mdogo hufanya kazi isiyofanywa na dawa yoyote. Wavuvi wetu wanajua, lakini si kila mnunuzi anajua: miiba ya tasi ina sumu na maumivu yake si ya kawaida, na kangaja ana kisu mkiani. Usiwashike kwa mkono mtupu.

Sababu inayofuata ni maji. Kwa walio pwani wanaochota maji ya bahari, mahali na wakati ndivyo vinavyoamua. Chota maji yakijaa, mbali na mito, mabomba ya majitaka na bandari. Wakati wa masika, mvua inaposhusha tope na mbolea kutoka bara, acha kuchota kabisa; chumvi inakuwa pungufu na virutubisho vimejaa. Pima chumvi ya kila ndoo, na pima fosfeti kabla maji hayajaingia tangini.

Halafu mawe yenyewe. Jiwe la matumbawe lililokaa nchi kavu, lile la kujengea, linaweza kuwa limenyonya fosfeti kutoka udongo na kinyesi cha ndege, na litaitoa kidogo kidogo kwa miezi. Kipimo chake ni rahisi: loweka jiwe ndani ya ndoo ya maji chumvi mapya, gizani, kwa wiki 1, ukiweka pampu ndogo, kisha pima fosfeti. Ikipanda, badilisha maji na urudie mpaka itulie. Na usiende kubomoa mwamba ulio hai ukadhani umepata njia ya mkato. Matumbawe yote magumu yamo kwenye Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, na ndani ya hifadhi kama Kisite-Mpunguti au Chumbe hakuna kipande kinachoruhusiwa kutoka.

Taa huja mwisho, ingawa watu huanza nayo. Saa 8 kwa siku zinatosha tangi jipya. Jua la dirishani lizibe. Mirija ya zamani ya floresenti hubadilika mwanga ikizeeka, kwa hiyo baada ya mwaka ibadilishe.

Jiwe moja likiwa limeshikwa zaidi ya mengine, unaweza kulitoa nje, ukapaka haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 juu ya mwani kwa mswaki, ukasubiri dakika 2 au 3, ukalisuuza kwa maji ya tangi uliyoyachota pembeni, ukalirudisha. Mwani utapauka ndani ya siku chache na konokono watamalizia. Usiipake juu ya matumbawe hai, na usiimwage tangini kama una kamba wasafishaji, hao hawaivumilii.

Bryopsis hasikii mengi ya hayo. Konokono wengi humkwepa, na kipande kidogo kilichobaki humwotesha upya. Wafugaji wengi wamefanikiwa kwa flukonazoli, dawa ya fangasi, kwa kiasi cha miligramu 5 kwa lita, mkaa wa chujio ukiwa umetolewa. Kabla ya hapo hakikisha umeona umbo la unyoya kwa macho yako, piga hesabu ya lita ukitoa nafasi ya mawe na mchanga, na umpigie daktari wa mifugo au mfugaji mzoefu. Mwani mwingi unaokufa pamoja hurudisha virutubisho vyote majini, hivyo ng'oa kwanza unachoweza.

"Vijipira vya kijani vinavyong'aa"

Hii ni Valonia, na mara nyingi inakuja imejificha juu ya jiwe au kipande cha matumbawe ulichonunua. Ikiwa ni kipira kimoja, umeigundua kwa wakati. Toa jiwe nje, ingiza kibano chini kabisa, kiondoe kizima pamoja na kitako chake, futa sehemu hiyo, suuza kabla ya kurudisha. Kukipasua ndani ya tangi ni kujitafutia: maji yake yanaweza kuwa na chembe za uzazi. Ukishindwa kutoa jiwe, weka mdomo wa mpira unaonyonya juu yake unapokidokoa.

"Madoa magumu ya waridi au zambarau"

Hayatoki kwa bomba, hayatoki kwa kidole, ukiyakwangua kwa kisu yanatoka unga mgumu. Usiyakwangue. Ni mwani wa chokaa, yule anayeunganisha na kuimarisha mwamba baharini, na kuonekana kwake kunamaanisha kalsiamu na alkalini (uwezo wa maji kuhimili tindikali) ziko sawa. Mawe yakishafunikwa naye, mwani mwingine hukosa pa kushika. Ukiona anapauka kuwa mweupe ghafla, pima alkalini na joto siku hiyohiyo.

Wakati wa kuacha na kumwita mtaalamu

Usichemshe mawe. Usiyamwagie maji ya moto, usiyaanike jikoni, usiyasugue nje ya maji bila kujua kilicho juu yake. Baadhi ya matumbawe laini ya jamii ya Palythoa yana palitoksini, sumu iliyotambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971 kutoka kiumbe wa Hawaii, na ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazotokana na viumbe. Mvuke wa jiwe linalochemshwa unaweza kulaza familia nzima. Ukihisi ladha ya chuma mdomoni, homa, kifua kubana au udhaifu wa misuli baada ya kufanyia kazi mawe, toka chumbani na wenzako wote, acha milango wazi, nenda hospitali na umweleze daktari kwa maneno haya: nimegusa matumbawe ya akwariamu, huenda ni palitoksini. Asipoambiwa, hatawaza hilo.

Ukigusa maji ukahisi umeme, hata mchomo mdogo, usiingize mkono tena na usichomoe waya uliolowa. Zima umeme kwenye swichi kuu, kisha mwite fundi umeme. Hita iliyopasuka ndiyo mshukiwa wa kwanza, na maji chumvi hupitisha umeme vizuri mno. Kila waya wa tangi ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kufuata waya.

Samaki wakifa zaidi ya mmoja kwa siku, au wote wakipanda juu kuhema, acha kila dawa uliyoanza. Ongeza pampu ya hewa, badilisha maji robo ya tangi kwa maji ya chumvi na joto linalolingana, na tafuta mtaalamu ukiwa na daftari lako la vipimo, picha zilizopigwa chini ya taa nyeupe, na sampuli ya kile kinachoota ndani ya chupa ya maji yake yenyewe. Usimpelekee sampuli iliyokauka, haitamwambia kitu.

Na kidonda mkononi. Kijipu kwenye kidole au kwenye kifundo kinachotokea wiki kadhaa baada ya kujikata kwenye mawe, kisichouma sana wala kupona, kinaweza kuwa Mycobacterium marinum, bakteria wa majini wa ukoo mmoja na wale wa kifua kikuu. Dawa za kawaida za jipu mara nyingi hazimwondoi, na matibabu yake huchukua miezi. Usikipasue mwenyewe. Nenda kwa daktari na umwambie mapema kwamba unafuga samaki wa baharini.